Mikono Sitini ya Kulia

Jumanne, 4 Machi

Hili sijamwambia mtu yeyote, na daftari nimelinunua kwa ajili yake: kile kidole hakikuwa na subana. Subana niliiongeza mimi.

Nieleze toka mwanzo, nisije nikajitetea ukubwani kwamba nimesahau.

Nyumbani tunashona sare za shule. Karakana ni chumba chetu cha mbele: meza ndefu ya kukatia, cherehani tatu, meza ya kupigia pasi, na mlango unaotazama barabara. Mkataji alikuwa baba. Alipofariki mwaka juzi, mama akamwajiri Bi Mkasi, mwanamke wa miaka hamsini na kitu. Jina hilo alipewa na wateja walioshindwa kuamua kipi kikali zaidi, chuma chake au ulimi wake. Mimi nikitoka shule kazi yangu ni kufagia, kuokota pini kwa sumaku na kuchonga chaki. Baba aliniita Chaki. Hakuna mwingine anayeniita hivyo.

Tangu Desemba nimekuwa nikimsikia. Haji kila siku. Kwanza inakuja harufu ya kitambaa kilichounguzwa na pasi, hata kama pasi ni ya baridi. Halafu tumbo linapanda kama niko kwenye lifti. Kisha najua, kwa uhakika kuliko ninavyolijua jina langu, kwamba dakika hii nimeshaiishi. Na nyuma yangu, upande wa kulia, yupo. Anasema, "Chaki." Basi. Sijawahi kusikia neno la pili.

Mwezi wa kwanza nikamwambia mama. Hakushtuka. Alikaa kwenye kiti taratibu, akaniuliza, "Halafu akasema nini?" Alinitazama kwa namna ambayo sikuweza kumjibu kwamba basi. Nikasema, "Anasema usichoke." Tangu siku ile mama anamaliza chakula chake. Kwa hiyo wiki iliyofuata baba alisema jingine, na iliyofuata jingine. Sikuwahi kuwa mtu wa kusikilizwa mezani. Nilipaona patamu.

Sasa la wiki iliyopita. Tulikuwa na oda ya makoti thelathini, kitambaa kizito cha kijani, cha mwisho cha rangi ile dukani. Mkono wa koti wa kulia na wa kushoto haifanani: ile nundu ya juu inayoingia begani huchimbwa zaidi upande wa mbele. Bi Mkasi hutandaza vitambaa thelathini kimoja juu ya kingine, vyote uso juu. Kisha juu ya kile cha juu anaweka kadibodi iliyokatwa kwa umbo la mkono, anaizungushia chaki, anachora mkono mmoja, anaigeuza kadibodi, anachora wa pili. Asipogeuza, atapata mikono miwili ya upande mmoja, mara thelathini.

Alichora Jumatano jioni akaenda kwake. Alhamisi umeme ulirudi kwa nusu saa tu, akawasha mashine ya kukatia, akafuata mistari yake mbio mbio kabla haujakatika tena. Mchana mama alipoanza kuunga, mikono yote sitini ilikuwa ya kulia.

"Niligeuza," Bi Mkasi akasema.

"Basi kitambaa kimejigeuza chenyewe," mama akasema.

"Mdogo wangu, nimekata nguo kabla wewe hujajua kutunga uzi. Niligeuza."

Watu walikuwa wameshaanza kusema kwamba karakana ya ng'ambo ya barabara inamtaka Bi Mkasi. Mama akawa halali. Jana, Jumatatu, akanivuta chumbani akaniuliza kama baba hajanionyesha kitu.

Na kweli nilikuwa nimeona kitu. Nisidanganye hata hapa: niliona. Jumatano ile ile, nikifagia peke yangu, harufu ilikuja, baba akaniita, na baada ya hapo kichwani mwangu ikabaki picha ya mkono unaofuta mstari wa chaki kwa kitambaa na kuchora upya. Mkono tu, hadi kwenye kifundo. Nikamwambia mama.

"Wa nani?"

"Sijui, mama."

"Angalia vizuri, mwanangu. Baba yako hawezi kukuonyesha nusu."

Nikasema, "Una subana."

Bi Mkasi ndiye pekee anayevaa subana, kile kikofia cha chuma cha kukinga kidole na sindano, kutwa nzima, kama pete. Mama alimwita, akamwambia mbele ya watu kwamba ndiye aliyefuta, na kwamba kazi yake hapa imeisha. Bi Mkasi hakubishana naye. Alinigeukia mimi. "Wewe mtoto, umeniona mimi?" Nikatazama sakafu. Palikuwa na pini moja niliyoisahau. Niliitazama mpaka aliposhuka ngazi za mlangoni.


Alhamisi, 6 Machi

Mvua. Paa linavuja juu ya meza ya pasi. Tumeweka ndoo.


Ijumaa, 7 Machi

Leo Pasi kapekua gunia la mabaki. Pasi ni dada anayepiga pasi, naye huita kila mtu kwa kazi yake, ndiyo maana naye tukamwita kwa yake. Kwenye mabaki ya kitambaa cha juu kabisa kakuta kivuli cha chaki: mstari uliofutwa, unaochungulia pembeni ya ule uliokatwa. Ni mstari wa mkono wa kushoto.

Kwa hiyo palichorwa sawasawa, halafu mtu akafuta. Kama nilivyosema kabla hajapekua mtu yeyote.

Mama alikikunja kile kipande kama cheti, akakiweka kwenye sanduku la nguo za baba. Majirani wawili walikuja kukiona. Pasi akaniambia, "Nabii wetu, huyo marehemu akija tena niulizie, mume wangu mwavuli kaupeleka kwa nani."

Wote walicheka, na mama alicheka. Sijamsikia akicheka hivyo tangu mazishi.

Ningeweza kusema pale pale kuhusu subana. Lakini mkono ulikuwa wa kweli, alama imepatikana. Nikajiambia kwamba basi subana nayo itakuwa kweli, nimeitangulia tu.


Jumapili, 9 Machi

Mama wa nyumba ya tatu kaja kuuliza habari za mwanawe aliyekwenda mbali na hapigi simu. Kanishika mikono yote miwili. Nikasema sioni kitu. Alipoondoka mama akaniambia, "Ungemwambia hata neno moja zuri." Inaelekea anadhani ni bomba, nikitaka nafungulia.


Jumatano, 12 Machi

Ndoo imejaa mara mbili. Baba kaja nikiwa bafuni.


Jumamosi, 15 Machi

Nimemwona Bi Mkasi. Amekaa kwenye kibaraza cha fundi viatu, kwenye kigoda, anabadilisha zipu za mabegi. Karakana ya ng'ambo haikumchukua. Pasi anasema mwenyewe wa kule aliuliza, "Mtu anayefuta mistari ya nyumba iliyomlisha, kwangu atafuta nini?"

Kidoleni alikuwa na subana, na zipu haihitaji subana.

Aliinua kichwa. Mimi nikaingia nyuma ya mlango wa duka la ndoo na mabeseni, nikasimama humo mpaka muuzaji akaniuliza kama nanunua au najificha mvua. Mvua haikuwepo. Nikanunua beseni. Mama kaniuliza la nini, nikasema la kukingia. Sasa tuna ndoo na beseni.


Jumanne, 18 Machi

Mvua. Mama kamwambia mteja kwamba kwetu hapaibiwi, pana mlinzi.


Ijumaa, 21 Machi



Kipindi cha nne, biolojia. Mwalimu alikuwa anachora moyo ubaoni. Harufu ya pasi ikaja. Nikashika meza. Tumbo likapanda, nikajua dakika hii nimeshaiishi, moyo wa chaki nyekundu, kikohozi cha mtu wa nyuma, kila kitu. "Chaki." Halafu darasa zima lilikuwa limenigeukia.

Mwalimu alikuwa amesimama mbele yangu na saa yake ya mkononi. Hakukasirika, na hilo ndilo lililonitisha. "Nimekuita mara nne," akasema. "Unaweza kuniambia leo ni siku gani?"

Nilichukua muda. Nyuma mtu akasema, "Mwalimu, alikuwa anacheua," wakaangua kicheko. Nilijishika mdomo. Kidevu kilikuwa na mate.

Kengele ilipolia alinibakiza. Ni mtu mwembamba, suruali zake zote fupi, na huwa anatania hata mitihani, lakini leo hakutania. Alisema nilipotea dakika moja na nusu, macho wazi, namung'unya, na mkono wangu wa kulia ulikuwa unafanya kazi.

"Kazi gani, mwalimu?"

Akanisogezea daftari langu. "Wewe niambie. Huu ni mlima?"

Si mlima. Ilikuwa nundu ya mkono wa koti. Mbili, ubavu kwa ubavu, laini, hazikatiki, nzuri kuliko ninavyochora nikiwa na akili zangu. Na zote mbili zimechimbwa upande uleule. Zote za kulia.

Nilijua mara moja mkono ule ulijifunzia wapi. Nilikuwa na miaka tisa baba aliponipandisha kwenye kigoda akanifundisha kuchora. Lakini baba hakutandaza kama Bi Mkasi. Yeye alitandaza vitambaa uso kwa uso, viwili viwili, kwa hiyo hakuwa na haja ya kugeuza kadibodi: kila jozi ikikatwa inatoa wa kulia na wa kushoto wenyewe. "Usigeuze, Chaki," alikuwa akiniambia. "Ukigeuza utaniharibia." Kila nilipogeuza alikuwa ananishika mkono, anafuta, ananiongoza tena.

Anafuta. Ananiongoza tena.

Mwalimu kaandika barua kwa mama. Nimekaa chooni na hii barua mpaka mapumziko yakaisha. Jumatano ile, nilipozinduka, nilikuwa nimekaa karibu na mlango na ufagio mapajani. Nilifikiri imepita dakika moja. Sikuangalia saa. Wala sikuangalia vidole vyangu, na chaki juu ya vidole vyangu isingenishangaza, mimi si ndiye ninayeichonga.


Jumapili, 23 Machi

Nimejaribu kukumbuka uso juu ya ule mkono. Hakuna uso. Hakuna mtu anayeuona uso wake anapofanya kazi.


Jumatatu, 24 Machi

Mama alivaa gauni la kwendea misibani. Mwalimu alitukuta getini pa hospitali akaeleza alichokiona, kisha akarudi shule.

Wamenivalisha kofia ya nyaya, wakanipaka kitu cha kunata kwenye nywele, wakanimulika taa inayopepesa. Mashine ikachora mistari. Daktari ni mwanamke kijana, ana kalamu tatu mfukoni na moja sikioni, na alikuwa anaitafuta ya nne. Aligusa kichwa changu juu kidogo ya sikio la kushoto.

"Hapa," akasema, "ndipo panapotunzwa harufu, na sauti za watu unaowajua, na ile hisia ya kwamba hapa nimewahi kufika. Seli za ubongo zinaongea kwa umeme. Ni nyingi mno, mabilioni, na kila moja imeungana na maelfu ya wenzake. Mara nyingine kikundi kidogo kinafyatuka pamoja bila kuitwa. Wewe huoni hitilafu. Wewe unapata kile ambacho sehemu ile imetunza."

Nilifikiria cherehani inayoruka mshono. Ukitazama upande wa juu unaweza kuona nguo nzuri kabisa.

Nikamwambia, "Lakini nakuwa na uhakika. Siyo kama ndoto. Nina uhakika kuliko sasa hivi."

"Uhakika nao una mahali pake kichwani," akasema. "Nao unaweza kufyatuka peke yake, bila cha kuwa na uhakika nacho."

Hilo ndilo lililonivunja. Sauti ningeweza kuiachia. Lakini huo uhakika ndio kitu pekee ambacho katika maisha yangu sikuwahi kuwa nacho, na kumbe ulikuwa dalili.

Mama aliongea kwa mara ya kwanza. "Kwa hiyo mume wangu hakuwepo."

Daktari alitoa kalamu sikioni, akaiweka mezani. "Mama, habari za waliotangulia sizijui, sikusomea. Ninachokijua ni huu mstari hapa. Sauti anayoisikia mtoto ni ya baba yake kweli. Ila ni yeye aliyeitunza."

Alipokuwa anaandika nilisoma faili kichwa chini. Kwa lugha ya shule ugonjwa wangu una jina refu, safi, linaloweza kuwa la mtu mwingine. Kwa lugha ya nyumbani una jina fupi ambalo watoto hutukaniana nalo wakicheza mpira. Nimesoma kwa lugha mbili na hakuna hata moja ninayoweza kulisemea hili.

Mama alipotoka kuuliza dirisha la dawa, nikauliza haraka, nikitazama viatu: mtu akiwa amepotea vile, mkono wake unaweza kufanya kazi?

"Mara nyingi vitu vidogo alivyovizoea. Anafunga na kufungua vifungo, anapanga vitu mezani. Nimewahi kuwa na mgonjwa aliyefua soksi moja mara tatu akaianika. Na baada ya kufyatuka kuna muda wa ukungu, mtu anatembea, anafanya shughuli, hayupo. Kwa nini?"

"Na anaweza kukumbuka?"

"Labda kipande. Kinamjia kama kitu alichokiona, si alichokifanya. Kwa nini unauliza?"

Nikasema nauliza tu. Mama alikuwa amerudi na vidonge.


Jumanne, 25 Machi

Kidonge kimoja asubuhi, kimoja jioni. Mama ameviweka kwenye kopo la nyuzi nyeupe ili Pasi asivione. "Tutasema kichwa kinakuuma," kasema. "Watu wakilijua lile jina, hata wa kukaa nawe dawati moja hutampata."

Pasi: "Nabii, mbona huoteshwi siku hizi, au umefungiwa laini?"

Mama akamwambia aangalie kola anayoiunguza.


Alhamisi, 27 Machi

Siku ya tatu bila baba. Kumekuwa kimya upande wangu wa kulia kama nyumba iliyohamwa.

Leo tulikuwa wawili tu karakana, mama anashona, mimi nachomoa nyuzi za muda. Akasimamisha cherehani.

"Ukiacha hivyo vidonge," akasema, "anaweza kurudi?"

"Daktari kasema nisiache."

"Najua. Nimeuliza tu."

Akashona mshono mzima. Kisha akasimama tena. "Sauti sawa, nakubali, ni umeme. Harufu, sawa. Lakini ule mkono? Uliniambia palifutwa kabla hatujaona chochote, na alama tukaikuta. Umeme ulijuaje? Daktari hawezi kunijibu hilo. Nimelala nalo siku tatu, na nikilifikiria hilo moyo unatulia. Hilo moja alikuja mwenyewe."

Nilikuwa na jibu mdomoni. Nilimeza jibu kama kile kidonge.

Maana ndiyo hivyo. Akibaki na ule mkono, anabaki na mume. Nikimweleza mkono ulikuwa wa nani, nampokonya mara ya pili, na safari hii siyo ugonjwa unaompokonya, ni mimi. Na nisipomweleza, kuna mtu kwenye kibaraza cha fundi viatu anashona zipu kwa ajili ya faraja yetu.

Na kuna la chini zaidi, niliandike nimalize: hata bila mama, ningeogopa. Nabii hupewa kiti. Mgonjwa anayeharibu vitambaa thelathini na kumsingizia mtu mzima, huyo anapewa nini?


Ijumaa, 28 Machi

Mvua tangu asubuhi. Ndoo, beseni, na sasa sufuria.

Asubuhi sikumeza kidonge. Nilitaka nimsikie mara moja tu, nimuulize. Mchana nikajiona nimekaa namngoja baba kama mtu anayengoja kupiga chafya, nikaona aibu hata mbele ya ukuta. Nikakimeza.


Jumamosi, 29 Machi

Nimekwenda.

Fundi viatu hakuwepo. Bi Mkasi alikuwa kwenye kigoda chake, begi la mtu mapajani.

"Shikamoo, Bi Mkasi."

"Marahaba. Zipu au kifungo?"

"Nimekuja kuongea."

"Kuongea ni kule kwenye benchi la wasio na kazi. Hapa ni zipu au kifungo."

Nikavua begi langu la shule, nikampa. Zipu yake imekwama tangu muhula uliopita. Akaanza kuipaka nta ya mshumaa, na mimi nikaanza kuongea, nikiongea na zipu. Nilimwambia kila kitu. Harufu, lifti, sauti, kofia ya nyaya. Lile jina fupi nililitamka kabisa, na dunia haikupasuka, ila muuza vocha wa pembeni aligeuka. Nikamwambia kwamba Jumatano ile alichora sawasawa, akageuza, na mimi nikafuta mstari wake nikachora kama baba alivyonifundisha, halafu nikauona mkono wangu mwenyewe nikausemea wa kwake.

Hakuinua kichwa. "Kwa hiyo niligeuza."

"Uligeuza."

"Mwezi mzima kichwani mwangu naigeuza ile kadibodi. Nikifua naigeuza. Nikipanga foleni ya maji naigeuza. Juzi nikafika mahali nikaanza kusema, labda sikugeuza. Unajua mtu anakuwaje akianza kuushuku mkono wake mwenyewe?"

"Najua," nikasema.

Hapo ndipo aliponitazama. Alinitazama kwa muda mrefu, na sikutazama chini, ingawa shingo ilikuwa inataka.

"Na subana?" akauliza. "Nayo ilikuwa ugonjwa?"

Ningeweza kusema ndiyo. Asingejua. Daktari mwenyewe asingejua. Ubongo una mabilioni ya seli, ningezitupia hizo.

"Hapana. Subana ilikuwa mimi. Mama alitaka jina."

"Angalau hapo hujausingizia ugonjwa." Akavuta zipu mara mbili, ikatembea. "Mimi nina kosa langu pia. Mkataji haanzi kukata kabla hajaitazama mistari upya, hata kama umeme unakimbia. Hilo ningemwambia mama yako siku ile ile kama angeniuliza. Hakuniuliza mimi. Alikuuliza wewe."

Nikaanza kusema samahani. Akanikatiza.

"Samahani nimeisikia. Lakini sasa umemwambia nani? Umeniambia mimi. Mimi nilikuwepo, niligeuza kwa mkono huu. Anayetakiwa kuambiwa yuko nyumbani kwenu."

"Atavunjika, Bi Mkasi. Ule mkono ndio kitu pekee alichobakiwa nacho."

"Kwa hiyo alale na mumewe juu ya jina langu." Hakupaza sauti. Alisema kama anayesoma kipimo kwenye utepe. "Mkasi wangu uko kwenu ukutani. Kesho saa kumi nakuja kuuchukua. Sitauliza kitu. Nikiingia tu nitajua, kwa jinsi mama yako atakavyonitazama."

Akanirudishia begi. "Ivute taratibu. Ndivyo ulivyoiharibu."


Jumapili, 30 Machi

Asubuhi sikusema. Mama alikuwa anafua.

Mchana sikusema. Alikuwa anakula, na alikuwa anakula vizuri.

Saa nane nilikwenda mpaka mlangoni mwa karakana. Alikuwa amefungua sanduku la baba, anakunja upya mashati ambayo yalikuwa yamekunjwa. Kile kipande cha kijani alikuwa amekiweka pembeni, juu ya mto. Nikasema, "Mama," akasema, "Naam, mwanangu," na mimi nikasema tunahitaji chaki. Tunazo chaki za mwaka mzima. Ninazichonga mimi.

Sasa ni saa tisa na nusu. Nimejifungia chumbani na nimeandika hapa, mara tano, namna ya kuanza, na zote nimezikata. Kwa lugha ya shule inatoka kama jibu la mtihani. Kwa Kiswahili kila sentensi inaanza na yeye: mama usikasirike, mama unajua. Inayobaki ni hii: "Ule mkono ulikuwa wangu." Maneno manne. Baada ya hayo nitamwambia kuhusu subana, kabla hajapata nafasi ya kunihurumia, maana akinihurumia kwanza nitajificha ndani ya ugonjwa na sitatoka humo tena.

Kama atauliza baba alikuwa wapi, nitamwambia nilichonacho: kwamba alinishika mkono nikiwa na miaka tisa, na mkono haujasahau, hata nikiwa sipo. Sijui kama kitamtosha. Kwangu hakitoshi.

Mvua imekatika. Ndoo imeacha kulia. Kwa hiyo nasikia vizuri: mama anakuja kwenye korido, kandambili zake, taratibu, nadhani ameona nimekaa kimya mno. Nje bado hakuna mtu.

Naukunja ukurasa huu, naupeleka chini ya godoro. Akiingia akaukuta wazi ataanza kusoma, na mimi nitamwachia asome, nikitazama sakafu. Nataka alisikie mdomoni mwangu. Kitasa kina